Muulize Fundi: Pikipiki ndogo huibwa kwa kubebwa

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu jambo moja, nami sitaki kulipitia juu juu. Anayetegemea pikipiki ndogo kwenda kazini akiibiwa, hasara yake haiishii kwenye chombo. Kesho yake anachelewa kazini, na pengine deni alilokopa kukinunua bado analilipa. Kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa wizi.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua pikipiki ya cc 110 baada ya kuchoshwa na foleni. Kazini hatuna uzio, naiacha kando ya barabara tangu asubuhi mpaka jioni. Naifunga usukani kila siku, lakini mwenzangu wa ofisini ameibiwa yake, na ilikuwa imefungwa usukani vilevile. Niongeze nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mwenzako, maana kisa chake kinaeleza mengi.

Kufuli la usukani ni kipini cha chuma kinachotoka kwenye suichi ya funguo na kuingia kwenye tundu la shingo ya usukani. Nimeshazifungua nyingi zilizoletwa gereji baada ya wizi kushindikana. Kipini chenyewe hakifikii unene wa kidole cha mtoto, na ukipitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu unakuta umelika upande mmoja tu, upande ambao mwizi aliisukumia hendeli kwa uzito wa mwili wake wote. Ukikiona kipini kimepinda hivyo, kibadilishe, kwa sababu mara ya pili hakitahitaji nguvu nyingi.

Lakini hata kama kipini hakivunjiki, pikipiki yako ina uzito wa kilo 100 na ushei. Wanaume wawili, mmoja kashika mbele, mwingine kashika nyuma ya siti, wanaipakia kwenye gari la mizigo kabla wapita njia hawajaelewa kinachoendelea. Hakuna aliyeiwasha wala kuiendesha. Usukani unabaki umefungwa vilevile huko inakokwenda.

Ndiyo maana nawasihi wenye pikipiki ndogo waache kufikiria tu namna ya kuizuia isiendeshwe. Wafikirie namna ya kuizuia isiondoke ardhini. Kufuli lako la kwanza liwe la kuifunga kwenye kitu kisichobebeka: nguzo ya chuma iliyochimbiwa, au pete ya chuma iliyomwagiwa zege. Kabla hujaiamini nguzo, itikise. Angalia juu yake, kama ni fupi na wazi mnyororo utapandishwa na kuvuliwa. Angalia na chini, kama imeshikwa kwa nati tu, mwizi mwenye spana hana haja ya kuugusa mnyororo wako.

Mnyororo uwe wa chuma kilichopitishwa motoni kikawa kigumu, si ule wa kufungia geti. Pete zake ziwe na unene wa milimita 13 kwenda juu. Milimita 16 ni bora zaidi, maana hapo mkasi wa mkono wa kukatia vyuma unachemsha. Kufuli lenyewe nalo liwe la kiwango hichohicho. Kila siku naona mnyororo mnene umefungwa kwa kufuli la sanduku, na mwizi hukata kile kilicho chembamba. Na sitakudanganya: grenda ya betri hukata mnyororo wowote. Ila inapiga kelele, inatoa cheche na inataka muda, navyo vyote vitatu mwizi havitaki mchana mbele za watu.

Upitishe kwenye fremu, au kwenye gurudumu la nyuma pamoja na mkono wa chuma unaolishika. Usifunge gurudumu la mbele peke yake, kwa sababu ukilegeza nati ya ekseli gurudumu linabaki kwenye nguzo na pikipiki inaondoka. Mnyororo usilegee wala usilale chini. Ukigusa lami, mwizi anaegemeza mkono mmoja wa mkasi ardhini na kuukanyaga mwingine kwa uzito wake wote, au anaipiga pete kwa nyundo juu ya lami. Ukining'inia umekazwa, hana pa kuegemea.

Mnyororo wa milimita 13 una zaidi ya kilo 3 kwa kila mita. Tafadhali usiuvae shingoni wala kiunoni ukiendesha. Ukianguka, chuma hicho ndicho kitakachokuvunja mbavu. Ufunge imara kwenye keria, au, kama wenye jengo wanakubali, uache palepale kwenye nguzo unapoegesha na uwe na mwingine nyumbani.

Mkikosa nguzo kabisa, zungumza na wenzako wa ofisini, mfunge pikipiki mbili au tatu pamoja, fremu kwa fremu. Mbili tu zimepita kilo 200, na hazibebeki kwa mkupuo. Halafu jizoeshe kubadilisha mahali. Anayeegesha pembe ileile, saa ileile, siku zote za wiki, anampa mwizi ratiba yake.

SWALI: Fundi, wote wananiambia ninunue kufuli la diski, lile linalobana sahani ya breki, lakini pikipiki yangu ina breki za dramu mbele na nyuma. Je, niibadilishe mfumo wa breki ili nipate pa kufungia?

JIBU: Hapana kabisa, dada yangu. Usiguse breki nzima kwa ajili ya kufuli. Tafuta kufuli la chuma lenye umbo la herufi U, lipitishe kwenye gurudumu la nyuma, likumbatie rimu na mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Hakikisha limezunguka rimu yenyewe, lisiishie kushika spoki, kwa sababu spoki hukatwa kwa koleo.

Na hao wenye diski wasijione wamemaliza. Kufuli la diski halizuii kubeba. Ni zuri kama kufuli la pili, na lina hatari yake: ukilisahau ukaondoka, linagonga kalipa, yaani kile kibanio cha breki, au shokapu na kukuangusha palepale. Funga kamba ya rangi kali kutoka kwenye kufuli hadi kwenye hendeli, iwe inakugusa mkono kabla hujawasha.

SWALI: Nikisimama dukani dakika moja huwa naiacha inanguruma, maana kuiwasha tena ni kazi. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Izime, toa funguo, funga usukani. Kisha ilete gereji tujue kwa nini inasumbua kuwaka. Mara nyingi ni plagi iliyochoka au kabureta chafu, na ni kazi ya muda mfupi.

SWALI: Nimeshauriwa nifunge king'ora na kifaa cha GPS. Rafiki yangu alifunga vyote viwili, sasa kila akitoka likizo anakuta betri imekufa. Kipi kina manufaa zaidi?

JIBU: Vinafanya kazi mbili tofauti, ndugu yangu. King'ora kinamsumbua mwizi wakati anaiba. GPS inakusaidia wewe akishaiba, kwa kukutumia kwenye simu mahali pikipiki ilipo. Kwa pikipiki ya kwenda kazini, mimi ningetanguliza mnyororo, kisha GPS, na king'ora mwisho, kwa sababu mjini watu wamezoea ving'ora vinavyolia kwa upepo na mtikisiko wa malori. Hawageuki tena.

Kuhusu betri, rafiki yako hakuuziwa kitu kibovu. Betri za pikipiki ndogo nyingi ni za volti 12 na hubeba kama ampia-saa 3 hadi 5 tu. Kifaa kinachokula miliampia 10 muda wote kinamaliza ampia-saa 0.24 kwa siku. Betri ya ampia-saa 4 ikiachwa wiki moja inakuwa imepoteza karibu nusu ya chaji yake, na hapo mota ya kuwashia inaanza kukohoa. Ukiongeza na king'ora, hali inakuwa mbaya zaidi. Chagua kifaa kinacholala pikipiki ikiwa imetulia na kuamka ikitikiswa, tena chenye betri yake ndogo ya akiba, ili mwizi akichomoa betri kubwa kiendelee kutuma. Ukisafiri, chomoa waya wa hasi wa betri na uifunge pikipiki ndani.

Kifaa kisifungwe chini ya siti juu ya betri, ndipo mkono wa mwizi unapoanzia. Wala usikizungushie chuma pande zote, hakitapata mawimbi. Na laini yake ya simu iwe na salio. Nimeona watu wanalia na kifaa kizima kabisa ambacho laini yake ilifungwa kwa kutotumika.

Neno moja nakuomba ulishike: kifaa kikikuonyesha pikipiki ilipo, usiende peke yako. Wapelekee polisi hiyo ramani pamoja na kadi ya pikipiki. Walioiiba wanaijua sura yako kuliko unavyozijua zao.

SWALI: Fundi mmoja alinifungia suichi ya siri ya kukata moto. Sasa pikipiki inazimika yenyewe katikati ya barabara, hasa mvua ikinyesha. Niiondoe?

JIBU: Usipande tena mpaka irekebishwe. Kuzimikiwa ukiwa mbele ya basi ni hatari kuliko wizi.

Wazo la suichi ya siri ni zuri. Wezi wengi wanazijua waya za suichi ya funguo, na kikwazo kimoja wasichokitegemea kinawapotezea muda. Shida iko kwenye ufungaji. Fungua kava utazame maungio. Nina hakika utakuta waya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe ambao gundi yake imeshayeyuka kwa joto la injini. Maji yakiingia hapo, moto unakatika. Waya zinatakiwa zichomelewe kwa risasi, zivishwe mpira unaobana kwa joto, na zifungwe kwenye fremu zisichezecheze. Suichi iwe ya kuzuia maji. Ikae mahali ambapo mkono wako unafika lakini jicho la mtu halifiki, mbali na shingo ya usukani. Na fundi anayekufungia asikufungie palepale anapowafungia wateja wake wote.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi, nataka kununua pikipiki iliyotumika ili niache kupanda mabasi mawili. Nitajuaje kwamba si ya wizi?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Nenda mchana, na uende na kitambaa na petroli kidogo. Namba ya fremu kwa kawaida imegongwa kwenye shingo, pale hendeli inapozungukia, na mara nyingi imefunikwa na uchafu. Ifute mpaka chuma kionekane, kisha pitisha kidole. Chuma kizima ni tambarare. Palipopitishwa grenda pana kibonde, na rangi ya hapo haifanani na ya fremu nyingine. Pikipiki nyingi za miaka ya karibuni zina namba yenye herufi na tarakimu 17, nayo haitumii kamwe herufi I, O wala Q. Ukiona mojawapo kwenye namba ya aina hiyo, simama hapohapo. Kama tarakimu moja imeinama au imezama kuliko jirani zake, uliza kwa nini.

Hamia kwenye injini, nayo ina namba yake. Zote mbili zilingane na kadi, herufi kwa herufi. Usisomewe na muuzaji, soma mwenyewe. Jina lililo kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako na ana kitambulisho. Akisema mwenye kadi yuko safarini, mngojeeni arudi.

Omba funguo. Kwenye pikipiki nyingi ndogo funguo moja huwasha, hufunga usukani na kufungua tangi. Ukipewa mbili tofauti, huenda suichi ilibadilishwa kwa sababu njema, lakini maelezo yake yawepo na yaeleweke. Chungulia pia tundu la funguo kwa tochi. Bisibisi ikishaingizwa kwa nguvu huacha mikwaruzo pembeni ya tundu.

Vikilingana vyote, piganeni bei, kisha muende pamoja ofisi ya usajili mkabadilishe jina siku hiyohiyo. Kadi mpya usiiweke chini ya siti. Iache nyumbani, pamoja na picha za namba zote mbili na funguo ya akiba.