Kwa dada wa Kondele: kirusi, ini na dawa ya kaka yako

Pole sana, dada. Umeuliza inakuwaje protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B iue seli, na kama kaka yako mwenye kirusi hicho aendelee na mitishamba aliyouziwa sokoni.

Kila seli ya ini ina mpango wa kujimaliza ikiharibika. Protini ya kirusi iitwayo HBx huisumbua mitokondria, pale seli inapopatia nguvu zake. Mitokondria ikivuja, protini iliyomo ndani yake, saitokromu c, hutoka na kuamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi. Vimeng'enya hivi huikatakata seli kutoka ndani. Seli hunywea, huvunjika vipande, navyo humezwa na seli nyingine. Lakini HBx ni kigeugeu: pengine huzuia seli isife, ndiyo maana inahusishwa na saratani ya ini. Na madhara mengi zaidi huletwa na kinga ya mwili yenyewe, inaposhambulia seli zilizoambukizwa.

Mitishamba aache leo, tafadhali. Mingine huumiza ini. Aende hospitali apimwe ALT (kipimo cha damu kinachoonyesha kama ini linaumia) na wingi wa virusi, daktari aamue kama aanze tenofoviri, dawa ya kukizuia kirusi kisizaliane. Pombe aache kabisa. Mahindi yenye kuvu ya kijani msile, hata yakioshwa: aflatoksini, sumu ya kuvu hiyo, ikikutana na kirusi hiki, hatari ya saratani huongezeka sana. Sahani mle pamoja bila hofu, ila wembe na mswaki kila mtu awe na wake. Nyinyi wa nyumbani mpimwe, na asiye na kirusi wala kinga achanjwe.