Klachi inateleza? Shika leva kwanza, pleti baadaye

Fundi, shikamoo. Nikifungua resi injini inalia sana lakini pikipiki haiongezi mwendo. Ni klachi au injini imechoka?

Marahaba. Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na magari. Ukiwa gia ya juu na mwendo wa kawaida, fungua resi kwa mkupuo. Mlio ukipaa na mwendo ukabaki palepale, klachi inateleza. Injini iliyochoka haipai hivyo, inazidiwa tu, mlio na mwendo vikipanda polepole pamoja. Ukisikia kata-kata huku nyuma, huo ni mnyororo unaoruka meno, usiisingizie klachi.

Ugonjwa huu huanzia gia za juu, mlimani, au ukiwa na mzigo. Ukifika mpaka gia ya kwanza, umechelewa.

Nimebadilisha pleti za klachi, zile sahani za msuguano, mara mbili na bado inateleza. Pleti za siku hizi ni feki?

Feki zipo. Lakini ndugu yangu, hukuniambia leva inacheza kiasi gani wala umetia oili gani. Kila barua ya namna hii inaacha mambo hayohayo mawili, na watu wanaendelea kutupa pesa kwenye pleti.

Shika ncha ya leva. Kwa pikipiki nyingi ndogo inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla hujahisi uzito. Kipimo chako halisi kimo kwenye kitabu chake. Isipocheza kabisa, waya unaivuta klachi muda wote, springi hazibani sawasawa, na pleti mpya zitaungua kama zilivyoungua za zamani. Usidhani ukirekebisha mara moja umemaliza: kadiri pleti zinavyolika, leva inazidi kubana. Geuza pia usukani kulia na kushoto. Leva ikibana upande mmoja, waya umepitishwa vibaya.

Halafu oili. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, kwa hiyo soma kopo: tafuta JASO MA au MA2, alama za oili inayofaa klachi ya namna hii. MB haifai hapa, imepunguzwa msuguano, na oili nyingi za magari zenye sifa ya kubana mafuta ziko hivyohivyo. Fundi anayekutilia oili yoyote iliyobaki dukani kwake anakuharibia chombo, hata akiwa rafiki yako.

Hayo yakiwa sawa, ndipo ufungue. Usiishie kwenye pleti. Pima urefu wa springi, maana joto huzichosha zikafupika. Toa bati la chuma linalokaa kati ya pleti, moja moja, ulitazame kwenye mwanga: likiwa na madoa ya buluu limeshaungua. Lilaze juu ya kioo. Likinesanesa, limepinda, litupe. Pleti mpya ziloweke kwenye oili safi kabla ya kuzifunga, kisha kaza boliti za springi kwa kupishana, kidogo kidogo. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, utapasua kikombe cha klachi au utakata boliti.

Naweza kuweka washa, zile pete za chuma, chini ya springi zibane zaidi?

Usifanye hivyo. Leva itakuwa nzito, waya utakatika mapema, na pleti iliyokwisha itabaki imekwisha.

Nikishika leva pikipiki bado inataka kwenda, na nyutro haipatikani. Inateleza?

Hapana. Hiyo ni kinyume: klachi haiachii. Mara nyingi leva inacheza kupita kiasi. Punguza, lakini usiibane mpaka isicheze kabisa, usije ukajiletea ugonjwa wa msomaji aliyetangulia.

Yangu haina leva ya klachi, ni ya kukanyaga gia tu. Nayo inaweza kuteleza?

Inaweza. Klachi imo ndani, na ukikanyaga pedali ya gia unaifungua. Wengi wanaendesha mguu ukiwa umelalia pedali, klachi iko nusu wazi safari nzima. Ondoa mguu. Wenye leva nao waondoe vile vidole viwili wanavyoviegesha hapo bila sababu, na waache kusimama mlimani kwa kuchezea nusu klachi. Breki ipo kwa kazi hiyo.

Naweza kuendelea nayo hadi mwisho wa mwezi?

Swali hili linanitia hofu kuliko yote. Siku utakapolipita lori huku gari linakuja mbele, utafungua resi na pikipiki haitakwenda. Kama inateleza kidogo tu na leva haichezi, legeza waya leo. Ni kazi ya dakika chache na huenda ikaishia hapo. Ikiendelea baada ya kulegeza, iegeshe. Kila inapoteleza inazaa joto, na unga wa pleti unaingia kwenye oili inayolainisha injini nzima. Kwa hiyo siku ya kufunga pleti mpya, mwaga oili yote ya zamani na usafishe chujio, hata kama uliibadilisha juzi.