Wanaume wawili, chumba kimoja Nyali

Pole sana, ndugu yangu. Umelipia chumba cha hoteli Nyali, Mombasa, umefika na mwenzio, pale mapokezi wakawakatalia kwa kuwa ninyi ni wanaume wawili na kitanda ni kimoja. Inauma, na si haki. Kwanza dai pesa zako kwa maandishi, uambatishe ujumbe wa M-Pesa. Hamkupewa huduma, basi zirudi zote. Kulala chumba kimoja si kosa. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya huadhibu tendo lenyewe la ngono kati ya wanaume, kifungo hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwaka 2019. Kwa hiyo msizozane mlangoni, wala msiwaeleze polisi uhusiano wenu bila wakili. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 ingewalinda waziwazi. Safari ijayo ombeni vitanda viwili, ingawa naumia kukwambia hivyo.