Kufufua kikundi cha ngoma shuleni: wazazi waanzie wapi?

Ndugu mzazi, nimekuelewa: mwalimu aliyesimamia ngoma na kwaya katika shule ya msingi anayosoma binti yako amehamishwa, na mwalimu mkuu anasema hana fungu la kuendeleza kikundi.

Usianze na fedha. Mwandikie mwenyekiti wa kamati ya shule, ambamo wazazi wana wawakilishi, uombe ajenda hii iingizwe katika mkutano wa wazazi, ukieleza kwamba sanaa ni sehemu ya mtaala na kwamba kwaya na ngoma hushindaniwa katika UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na taaluma ya shule za msingi Tanzania. Hoja hiyo ina uzito kuliko kulalamika.

Kisha tafuteni ujuzi miongoni mwenu. Katika shule ya watoto wangu, bibi mmoja aliyekuwa akiuza maandazi getini ndiye aliyewafundisha watoto kupokezana wimbo na kigoma bila kupoteza mapigo, na ngoma zenyewe ziliazimwa kutoka kwa kikundi cha mtaani. Mkihitaji mkufunzi, ulizeni wahitimu wa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Michango ndiyo hatari kubwa. Shule za msingi za umma hazina ada, na tangu 2016 haziruhusiwi kutoza michango ya lazima, hivyo msimtoze mzazi yeyote kwa lazima, wala mtoto asizuiwe kucheza kwa sababu hakuchangia. Kabla ya kuchangisha, mwulizeni afisa elimu kata kibali kinachohitajika. Vilevile, mtu wa nje asiachwe peke yake na watoto: mwalimu awepo kila zoezi, na dalili yoyote ya unyanyasaji ipelekwe mara moja dawati la jinsia na watoto la polisi.