Mimi ndiye niliyeamuru mihimili ivunjwe

Mkomani, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na tunaomba nawe huko Doha uwe katika afya na hifadhi. Upepo wa kusi umeanza, masika inatupiga tangu wiki jana, mafundi wamekaa, na mimi ndipo nimepata kitako cha kukuandikia. Kwenye simu nilishindwa kusema.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, umeiona picha aliyokutumia mtoto wa ami yako, vifusi vimelala ghorofa ya juu, na wewe Januari ulituma pesa za dari. Ukauliza: nyumba inakwenda mbele au inarudi nyuma? La pili, kwa nini tusiachane na mawe na boriti, tukapandisha matofali ya simiti tukamaliza kama wenzetu?

Jibu la swali la kwanza ni kwamba imerudi nyuma. Si mvua wala si mwizi. Mimi ndiye niliyeamuru mihimili ya juu ivunjwe, na nikakuficha wiki sita. Kwa kukuficha, nisamehe. Kwa kuvunja siombi msamaha, na nataka ujue kwa nini.

Unaikumbuka ramani uliyochorewa Mombasa. Ulitaka juu kuwe na sebule moja, futi 24 kwa 16, pasi na ukuta katikati, ili Idi ikija tukae wote tukionana nyuso. Nilikubali kwa kuwa niliipenda sababu yako. Lakini boriti ya mkoko haivuki futi 16. Ndiyo maana vyumba vya mji huu vyote ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, kama futi tisa hivi. Ukizidisha, mti unapinda chini ya uzito wa mawe na chokaa. Wazee wetu si kwamba waliupenda wembamba, mti ndio uliowapimia.

Fundi akaleta shauri. Tumimine mihimili miwili ya zege, ile wanayoiita bimu, ivuke futi 16, kisha boriti zilale kutoka mhimili hadi mhimili, futi nane nane. Shauri lenyewe halikuwa baya. Ubaya uliingia kwenye mchanga.

Mchanga wetu ni wa bara, unavushwa kutoka Mokowe. Wiki ile chombo kikachelewa. Fundi hakutaka vibarua wakae bure, akanunua kwa mashua iliyopita na mchanga uliozolewa pwani. Mimi nilikuwa mtaa wa Langoni msibani. Niliporudi alasiri, mihimili ilishamiminwa, na chini ya daka la mlangoni pamebaki rundo jeupe, laini, lenye vipande vya kombe ndani yake. Nikachota kidogo kwa kidole nikaweka ulimini. Chumvi tupu. Nikatazama na ndoo: maji waliyochanganyia yalitoka kisima chetu cha chumvi, na huku pipa la maji matamu limejaa hadi ukingoni.

Nilimuuliza fundi. Akaniambia, "Bi mkubwa, simiti ikishika, chumvi haina neno." Nikanyamaza, nikijiambia kuwa mimi si fundi. Kosa langu liko hapo, mwanangu, na bado linaniuma. Mtu ameonja chumvi kwa ulimi wake mwenyewe, kisha akakubali kuambiwa haipo.

Siku ya nane wakaondoa miti ya kutegemeza. Ilikuwa ya kukodi, na fundi aliihitaji kwenye kazi yake nyingine. Mhimili wa kuvuka upana ule hukaa na miti yake wiki tatu, na kila siku unanyweshwa maji. Juu yake wakapanga mistari miwili ya mawe.

Ufa niliuona mimi, asubuhi, jua likiingia kwa upande. Ulikuwa chini ya mhimili wa pili, katikati, mwembamba kama uzi wa kushonea kofia. Nikachukua penseli nikaweka alama mwanzo wake na mwisho wake, nikaandika na tarehe. Siku nne baadaye ufa ulikuwa umeivuka alama kwa upana wa kidole. Hapo nikamwita fundi mzee wa mtaa wetu, yule aliyejenga na baba yako msingi. Hakusema kitu. Aliomba uzi, akaukaza kutoka pembe hadi pembe ya mhimili, akaniita nitazame. Pembeni uzi ulishika zege. Katikati zege lilikuwa limeshuka chini ya uzi, na kidole changu cha shahada kikapita hapo bila kugusa.

Ndipo akanieleza habari ya chumvi. Nondo iliyo ndani ya mchanga wa chumvi hushika kutu, kutu hufura, na ikifura hulipasua zege kutoka ndani. "Hutaliona mwaka huu," akaniambia. "Utaliona siku wajukuu wamelala chini yake."

Fundi wa kwanza alitaka tuupake ufa, hautaonekana. Na kweli usingeonekana. Wewe ungetumiwa picha ya dari jeupe, ungefurahi, nami ningepata usingizi wa uongo. Nilikesha siku mbili. Mila yetu, baba humjengea binti yake nyumba. Baba yako alijaaliwa msingi tu, Mungu hakumpa zaidi, na wewe umejijengea mwenyewe kwa zamu za usiku hospitalini. Kila mfuko wa simiti mle ndani naujua ni usiku gani hukulala. Sikuweza kuupaka ule ufa.

Kuvunja kulichukua siku nne. Pembeni mwa mhimili kokoto zilikuwa zinachomoka kwa vidole. Simiti mifuko 10, nondo sita, mbao, vibarua, na gharama ya kuvunja kwenyewe, jumla ni shilingi 58,000. Fundi alikubali kurudisha ujira wake kwa mafungu mawili, la kwanza ameshalileta. Vifaa hakuvilipa. Tumeachana kwa salama, na kazi sasa iko mikononi mwa yule mzee na mwanawe.

Sasa swali lako la pili.

Kiwanja chetu kiko ndani ya mji wa kale, na mji huu uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Ramani yako yenyewe ilirudishwa mara mbili na wanaosimamia hifadhi ya mji, kwa sababu ya urefu na ile roshani ya mbele. Tulipoteza miezi mitano. Nilikasirika wakati ule, lakini kuhusu roshani walikuwa na haki: ingetokeza juu ya kichochoro ambacho punda wawili wenye shogi, yale makapu ya mizigo, hawapishani.

Lakini hata kama pasingekuwa na sheria, nisingejenga kwa tofali la simiti. Twende kwenye ule ukuta wa chini aliouacha babu yako. Mwaka uliozaliwa wewe, baba yako aliupiga lipu ya simiti ili upendeze. Kila masika lipu ilivimba ikadondoka, na kila mwaka akaipiga tena. Tulipoibandua yote mwaka juzi, mawe ya ndani yalikuwa mabichi kama yametolewa majini juzi. Jiwe la matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukiziba uso kwa simiti, unyevu unakaa ndani na chumvi inakula ukuta. Ilibidi tuuache wazi miezi miwili ukauke, nawe ukaniandikia kwamba mafundi wamelala. Hawakulala, ukuta ndio uliokuwa unapumua.

Simiti siichukii. Chooni na kwenye tangi tumeitumia, na hapo haina mpinzani. Wala tusidanganyane kwamba tofali lingekuwa rahisi. Mji hauna njia ya gari. Tofali nalo lipande chombo, lishuke gatini, lipande punda, kila hatua na ujira wake. Mawe yetu yanachongwa Maweni, hapo Manda tu, ng'ambo ya maji. Chokaa ndiyo yenye kuchelewesha, sikatai. Inachomwa, inazimwa kwa maji, inalazwa, na ukijengea inashika polepole. Huwezi kupandisha ukuta wa futi moja na nusu unene kwa haraka ukategemea utasimama wima. Nao mchanga wa karibu, ule wa vilima vya Shela ambao wengi wanautamani, hatuugusi. Maji tunayokunywa yanahifadhiwa chini ya vilima vile.

Kwa hiyo hii ndiyo hali. Chini kumekwisha, daka na baraza zake mbili, tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani), na vyumba vyote vina dari. Ngazi imefika juu. Kuta za juu zimesimama isipokuwa pale tulipovunja, na tumezifunika makuti mvua isizioshe. Boriti korija tatu, yaani sitini, zimefika na zimelala kiwandani juu ya magogo zisiguse maji, kila moja nimeipitisha mkono mwenyewe, na kibali cha misitu ninacho sandukuni. Unakumbuka 2018 ukataji wa miti uliposimamishwa, vijana wa mikoko wakakaa barazani mchana kutwa? Tangu hapo sinunui mti usio na karatasi.

Kuhusu sebule yako, mzee ana shauri ambalo sitaki kulikubali bila wewe. Tusimimine mhimili tena. Tujenge ukuta wa mawe katikati kwa urefu wa chumba, tuutoboe matao matatu mapana, na boriti zilale pande zote mbili. Kila upande utabaki na futi saba na kidogo, na korija tatu zilizopo zinatosha, 30 huku na 30 huku. Nilimwambia anichoree matao kwa mkaa sakafuni. Nikaketi upande mmoja, nikamwomba aketi wa pili. Nilimwona uso wote, na kikombe chake cha kahawa. Wote hatutaonana kwa mara moja, sikufichi, atakayeketi nyuma ya nguzo itambidi ainame kidogo. Lakini dari litakaa juu yetu.

Ukilikataa, nitamwambia angoje tutafute njia nyingine. Nyumba ni yako.

Pesa za Januari zilizobaki nimeziweka kwa ami yako, na daftari la hesabu nitalipiga picha kurasa zote, na zile mbaya. Picha sasa nitakuwa nakutumia mimi, kila Ijumaa, iwe kumejengwa au kumevunjwa.

Na jambo moja la haraka. Mvua ikipungua, mzee anaanza zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za chumba chako cha ndani, na ameniuliza safu ya kwanza ianze kimo gani. Nimemwambia bega lako, usinyanyue mkono wala usiiname unapoweka vitu vyako. Akaniuliza bega lako liko wapi, nikashindwa kumjibu, maana miaka minne sijasimama kando yako. Jipime bila viatu, kutoka sakafuni hadi begani, kwa inchi, unitumie. Nimemwambia asiguse ukuta ule mpaka jibu lako lifike.

Wasalaam,
Mama yako