Kapasita ya 220 iliyochoma transfoma ya baba mkubwa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Likasi aliniandikia hivi: "Jambo mzee. Nina preampli ya lampu, ya marehemu babu. Inavuma kama mzinga wa nyuki. Nimepata kapasita mpya za mikrofaradi 220, volti 400, bei poa kabisa. Za zamani zilizomo ni 32 tu. Nikitia hizi, si mvumo utaisha?"

Kwa wasiojua: preampli ni mtambo unaokuza sauti hafifu kabla haijafika kwenye ampli, na kapasita ni kikopo kinachohifadhi umeme kwa muda na kuulainisha, ukubwa wake ukipimwa kwa mikrofaradi. Nilisoma ujumbe ule mara mbili, nikaweka simu chini, nikaenda kunywa maji. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe sebuleni kwa baba mkubwa, mtaa wa Kamalondo hapa Lubumbashi, kapasita ya namna hiyo hiyo ikiwa mkononi.

Kijana wangu, usizitie. Sasa kaa nikueleze.

Baba mkubwa alifanya kazi mgodini karibu maisha yake yote. Preampli ile aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Ndani ina lampu nne za kukuza sauti, za ECC83, zile ambazo Wamarekani wanaziita 12AX7, na moja ya EZ80 ya kunyoosha umeme, yaani kuugeuza ule unaokwenda na kurudi uwe wa njia moja. Aliifunika kwa kitambaa cheupe kilichofumwa na mama mkubwa. Watoto hawakuruhusiwa hata kukaa karibu. Jumamosi jioni anaondoa kitambaa, anawasha, anajimiminia chai, anasubiri lampu zipate moto, ndipo sahani ya rumba inawekwa.

Wakati huo nilikuwa nimetengeneza redio na ampli kwa miaka sita. Kwetu Katuba watoto waliniita Injenia. Sikuwakataza. Kwa hiyo mvumo ulipoanza, ule wa chini mzito unaosikika hata sauti ikifungwa yote, baba mkubwa akaniita mimi, akawaacha mafundi wazee wa soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, siyo nchi) aliowajua tangu ujana wake. Mnaelewa heshima hiyo?

Nikafungua. Kapasita za kuchujia umeme zilikuwa mbili ndani ya kopo moja la aluminiamu, 32 na 32, chini limevimba na kutoa unga mweupe. Kopo la umri ule likikauka, linabaki jina tu. Hapo sikukosea, zilikuwa za kubadilishwa kweli. Nilikosea nilipojiuliza nitie nini. Nikawaza: kama 32 ilinyamazisha mvumo miaka yote hiyo, 220 itaunyamazisha mara saba. Baba mkubwa akauliza, "Mwanangu, kubwa hivyo haitaidhuru?" Nikacheka. Nikamwambia, "Papa, kubwa ni kubwa."

Siku tatu nilikuwa mfalme. Mvumo ulikwisha. Mzee aliinama akaweka sikio karibu na kitambaa cha spika, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akasema, "Sasa ninasikia vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi." Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa nilikuwa na nauli, nikimsimulia kila niliyekutana naye.

Siku ya nne, Jumapili jioni, umeme wa mtaa ukaanza mchezo wake. Ukakatika. Watu barabarani wakapiga yowe lile la kawaida. Kabla mtoto hajapata mshumaa, ukarudi. Ukakatika tena, ukarudi tena. Nilikuwa nimekaa mkabala na preampli, nikaona kwa macho yangu: ndani ya kioo cha EZ80 mwale wa zambarau, mara moja, kama radi ndogo. Kisha harufu ya lami iliyoungua, moshi mwembamba ukipanda kwenye kile kitambaa cheupe. Nilipochomoa waya ukutani, transfoma ilikuwa imekwisha kazi.

Mtauliza, fyuzi ilikuwa wapi? Nami nitajibu ukweli, kwa kuwa nimeficha jambo hili miaka mingi. Fyuzi iliungua siku ya kwanza nilipowasha na zile 220. Ilikuwa ikiniambia kitu. Mimi nikachukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya, nikaufunga mahali pake.

Kilichotokea ni hiki. Kapasita tupu, dakika inapopata umeme, huvuta kama mtu aliyetoka jangwani. Ukiwasha lampu ikiwa baridi, EZ80 inaamka polepole na kuijaza kwa upole. Lakini umeme ukikatika kidogo na kurudi, lampu bado ina moto huku kapasita imekwisha kupungukiwa umeme, basi mvuto wote unapita kwenye lampu kwa pigo moja. Kwa 32, EZ80 inavumilia. Kwa 220 inavunjika, inaunganisha pale isipopaswa kuunganisha, na transfoma inabaki kubeba mzigo hadi iungue. Waliotengeneza EZ80 walijua hayo. Karatasi yake ya vipimo inasema kapasita ya kwanza, ile inayofuata lampu hiyo, isizidi mikrofaradi 50. EZ81, dada yake mkubwa, ni 50 vilevile. Mtambo ulioundwa Ulaya haukuwahi kuota umeme wa mtaani kwetu, na hata hivyo walikwisha weka mpaka. Mimi wa Lubumbashi, ambako umeme hukatika na kurudi mara tatu kabla chai haijapoa, ndiye niliyeuvuka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haikuhitajika hata kidogo. Lampu nne za ECC83 zinakula kiasi cha miliampia 8 zote pamoja. Ni kidogo sana. Kwa mzigo huo kapasita ya 47 mbele inaacha mawimbi, yaani yale mabaki ya kupanda na kushuka yanayoleta mvumo, ya volti 2 hivi, basi. Baada yake inakuja rezistansi, kipande kinachobana umeme, tuseme ya kiloomu 4.7, na kapasita nyingine ya 47, na wawili hao peke yao wanapunguza mawimbi zaidi ya mara 130. Baada yao kuna jozi nyingine tena. Mvumo unamalizwa huko nyuma, kwa rezistansi na kapasita za pili na za tatu. Ukitaka kuongeza, ongeza huko, kwa kiasi. Ya kwanza iache karibu na ilivyozaliwa: 32 iwe 33 au 47, tosha.

Transfoma niliipeleka kwa mzee anayesuka upya koili za mota. Ilichukua wiki tano, kwa sababu waya mwembamba kama unywele haukupatikana. Fikirieni: mji uliozaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, lundo jeusi la mabaki ya tanuru linaonekana kila pembe, na mimi ninazunguka masoko nikitafuta gramu chache za shaba. Gharama nililipa mimi. Fundi mmoja wa Kenya, jina lake silitaji, aliisimulia habari ile kila alipokunywa, na kila mara moshi ulizidi kuwa mwingi. Kwa simulizi yake ya mwisho nyumba nzima iliwaka.

Basi ninavyofanya sasa.

Ninapima kwanza. Kabla sijagusa kapasita yoyote ninapima volti za ukutani, na sipimi mara moja. Kwangu nimewahi kuona 170 saa moja jioni na 238 saa sita usiku, wiki moja. Transfoma ya volti 250 kila upande, ukutani kukiwa na 220, inajaza kapasita hadi volti 353 lampu zikiwa hazijaanza kula. Ukutani kukipanda hadi 240, unafika 385. Kijana, ile yako ya volti 400 inacheza ukingoni mwa shimo. Tafuta ya 450.

Ninapima pia kapasita yenyewe, hata ikiwa mpya dukani. Niliwahi kununua nne zilizoandikwa 450, ngozi inang'aa, bei ya kufurahisha. Moja ilikuwa nyepesi mno mkononi. Nikaipasua kwa kisu: ndani ya kopo kubwa kulikuwa na kapasita ndogo imelala kama mtoto ndani ya koti la baba yake. Tangu siku hiyo ninazipima kwenye mizani ya mke wangu ya unga. Ninapenda zaidi kung'oa zilizomo kwenye televisheni bapa zilizokufa kioo, ilimradi maandishi yaseme volti 450 na nyuzi 105 za joto, siyo 85. Kila nyuzi 10 za joto unazopunguza, maisha ya kapasita huongezeka karibu mara mbili, na ndani ya sanduku la lampu joto halina huruma.

Kisha ninaijaza polepole kupitia rezistansi ya kiloomu 47, huku ninapima volti juu ya rezistansi hiyo. Zikishuka karibu na sifuri, kapasita ni nzima. Zikikataa kushuka, inavuja, itupe. Tena ninasema: pima.

Na kabla ya kutia mkono, pima kama imeisha umeme. Kidole gumba changu cha kulia kina doa jeupe, ninalionyesha kila mwanafunzi. Kapasita ya 47 yenye volti 350 haijali kama umechomoa waya. Ninachomea rezistansi ya kiloomu 220, wati 2, sambamba nayo, ibaki humo daima. Dakika moja baada ya kuzima imekwisha tulia. Hata hivyo ninapima.

Jambo la mguu wa hasi nililijifunza nilipokuwa ninairudisha preampli hai. Nilikuta kopo la zamani limetengwa na shasi, lile sanduku la chuma, kwa kipande cha fiba, nikaona ni urembo, nikafunga hasi ya kapasita mpya kwenye skrubu iliyo karibu. Ikaanza kulia "zzzz" kali, tofauti na mvumo wa zamani. Hasi ya kapasita ya kwanza irudi moja kwa moja kwenye waya wa katikati wa transfoma, usiipitishe njia wanayopita wanamuziki, yaani njia ya sauti. Nilizunguka siku mbili kabla ya kuling'amua hilo.

Na msinishauri diodi, kile kipande kidogo kinachonyoosha umeme badala ya lampu. Ndiyo, 1N4007 ni bei ya karanga na haivunjiki kwa kapasita kubwa. Lakini inapeleka volti zote papo hapo, nyingi kuliko za lampu, wakati ECC83 bado ziko baridi. Mtambo wa mzee mheshimu kama mzee. Vijana wa leo mnataka kila kitu kiwe kikubwa: spika kubwa, namba kubwa, jina kubwa. Hamsomi karatasi ya lampu, hamuulizi aliyeanguka kabla yenu, mkiambiwa na fyuzi mnaifunga mdomo kwa shaba. Ninawajua kwa sababu nilikuwa mmoja wenu.

Preampli ya baba mkubwa inacheza hadi leo. Haivumi. Lakini siku niliyoirudisha hakuinama tena kusikiliza vidole. Alisimama karibu na ukuta, mkono kwenye swichi, mpaka sahani ilipokwisha upande wa kwanza. Bado anasimama pale nikiwepo. Nisipokuwepo, mama mkubwa ananiambia, anakaa na chai yake.

Kijana wa Likasi, chukua taa, unisomee maandishi yaliyo kwenye kioo cha lampu ya kunyoosha, herufi na namba zote. Kisha upime ukutani saa sita usiku, siku mbili mfululizo, unitumie. Zile 220 mrudishie mwenye duka. Na angalia mahali pa fyuzi kama kweli pana fyuzi.