Soma mita kabla ya kulala

Januari, joto la kaskazi likiwa limekaza, tokeni za stima nilizozoea kukaa nazo wiki mbili zilianza kuisha siku ya tisa. Nikawagombeza watoto kwa sababu ya taa. Niliwaonea. Taa zetu ni za LED, wati 9 kila moja. Zote tano zikiwaka saa nne nzima hazifikishi hata robo uniti (uniti moja ni wati elfu moja kwa saa moja).

Mita ndiyo iliyonifumbua macho. Usiku mmoja niliandika namba yake saa nne, nikaitazama tena saa kumi na mbili asubuhi. Uniti mbili na nusu zimeondoka, na nyumba nzima ilikuwa imelala! Feni mbili za wati 60 usiku kucha hazimalizi uniti moja. Basi aliyebaki ni friji. Nikabana noti kwenye mlango wake, nikaivuta, ikatoka bila kushikwa. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka na kupasuka, joto linaingia usiku na mchana, mashine haipumziki. Fundi wa Kongowea akaweka mpira mwingine, nami nikalisogeza friji mbali na jiko na kuliachia nafasi nyuma lipumue. Wiki hiyo hiyo usiku ukawa unakula uniti moja na nusu. Jaribu noti kwenye friji lako leo.

Jikoni, hasara kubwa kwangu ilikuwa mbaazi. Nilikuwa nazichemsha kwa gesi saa mbili na zaidi, moto juu. Siku hizi nazirowesha tangu jioni, nazitia kwenye sufuria ya presha, na tui naliweka mwisho, mfuniko ukiwa wazi. Hata kwa sufuria ya kawaida, chungu kikishachemka punguza moto. Maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi kuliko yanayochemka polepole.

Pasi nayo nimeihamishia asubuhi, nguo za wiki nzima kwa mpigo mmoja. Kati ya saa moja na saa nne usiku nchi nzima inawasha vitu, na hapo ndipo mitambo ya kuzalisha stima kwa mafuta mazito inapohitajika zaidi. Mmojawapo tunao hapa hapa Mombasa, Kipevu, Kipevu III wa megawati 120, ulioanza kazi 2011. Soma vizuri ujumbe wa tokeni: gharama ya mafuta imo, na tunailipa sisi.

Kuhusu AC, naomba usinunue kabla hujazuia jua. Wazee wa Mji wa Kale walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na dari za juu. Sisi tunapanga vyumba vyenye kioo kinachotazama magharibi. Mimi nimening'iniza mkeka mkuukuu nje ya dirisha hilo. Nje, kwa sababu jua likishapita kioo, pazia la ndani limechelewa. AC ya hospawa moja unusu hula sawa na feni ishirini.

Lakini yote haya ni madogo mbele ya pampu ya ploti yetu. Ni familia nane, kisima kimoja, tangi juu ya paa, na mita ya pamoja tunayoichangia. Pampu huwashwa jioni, anayewasha anasinzia, maji yanamwagika ukutani mpaka alfajiri. Pampu ya hospawa moja hula karibu uniti moja kwa saa. Tulikuwa tunalipia stima ya kupandisha maji na kuyamwaga, mtaa ambao watu hununua maji ya mkokoteni!

Nilipeleka daftari langu la namba barazani. Maneno yalikuwa mengi, lakini namba zilikuwa mbele yetu. Tukachangishana, fundi akaweka floti inayokata pampu tangi likijaa. Ukuta ule sasa ni mkavu. Mwezi huu tunachangia taa za ngazi, ambazo bado zinawaka mpaka saa tatu asubuhi.